Fundi wa Tovuti Hupimwa kwa Funguo Anazokuachia



Zamani mfanyabiashara aliyetaka kujulikana mjini alimwita mchoraji wa mabango, wakapatana ujira, na baada ya siku mbili tatu bango likatundikwa juu ya mlango wa duka. Mchoraji alipokwisha kulipwa alikwenda zake na makopo yake ya rangi, na bango likabaki mali ya mwenye duka. Hata kama mchoraji yule angehamia Tabora, au angegombana na mwenye duka, bango lisingeng'oka ukutani likamfuata. Siku hizi bango la biashara limehamia katika mtandao wa intaneti, nalo huitwa tovuti. Bango hili jipya lina tabia moja ambayo lile la zamani halikuwa nayo: laweza kuondoka pamoja na fundi.

Jambo hili limeletwa mbele yetu na barua ya ndugu mmoja, seremala wa Keko hapa Dar es Salaam, ambaye pamoja na mkewe na watoto wao wawili wakubwa wanaendesha karakana ya samani. Ameomba tusilitaje jina lake. Anaeleza kwamba alimpata kijana mmoja wa kumtengenezea tovuti, akamlipa, na kazi ikapendeza. Picha za vitanda, makabati na meza zilionekana vizuri. Wenye nyumba za wageni wa mikoani wakaanza kupiga simu na kuagiza. Akalichapa jina la tovuti ile katika kadi zake, katika vitabu vya risiti, na ubavuni mwa gari la kupelekea mizigo. Mwaka wa tatu, asubuhi moja, tovuti haikufunguka. Simu ya kijana ilikuwa haipatikani. Alipouliza kwa wajuao aliambiwa kwamba jina la tovuti liliandikishwa kwa jina la kijana, kwa anwani ya barua pepe ya kijana, na kwamba muda wake ulikwisha bila kulipiwa. Wakati anahangaika, mtu mwingine akalichukua jina lile. "Nimejenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu," anaandika seremala wetu, "na miezi minne sasa maagizo yamepungua hata ada ya mwanangu wa chuo imenishinda."

Barua hiyo yatosha kutuonyesha kwamba kumchagua fundi wa tovuti si jambo la watu wa makampuni makubwa tu. Mshonaji wa Magomeni, mama lishe anayepokea oda za maofisini, mwenye nyumba ya wageni Morogoro na kikundi cha akina mama wanaosindika viungo Zanzibar, wote hao wanahusika. Kwa hiyo leo tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

TOVUTI NI KITU GANI?

Wengi hudanganywa kwa sababu hawakijui kile wanachokinunua. Tovuti si kitu kimoja, bali ni vitu vitatu vilivyounganishwa.

Cha kwanza ni jina, ambalo wataalamu huliita kikoa. Hili ndilo anwani ambayo mteja huiandika katika simu yake ili akufikie. Kwa biashara za nchini mwetu, jina linaloishia na .co.tz ndilo lililotengwa. Jina halinunuliwi likawa lako milele. Huandikishwa kwa msajili aliyeidhinishwa na kulipiwa kwa muda maalumu, aghalabu mwaka mmoja mmoja. Usipolipa, baada ya muda jina hurudi sokoni na yeyote aweza kulichukua.

Cha pili ni nafasi. Kurasa za tovuti hazikai hewani. Hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Mfanyabiashara mdogo hahitaji kununua seva, bali hukodi nafasi humo, kama akodishavyo mtu kibanda sokoni. Kodi hii nayo ina muda wake.

Cha tatu ni kurasa zenyewe: maneno, picha, na maagizo ya kompyuta yanayozipanga zionekane na kufanya kazi.

Yafaa pia kujua kwamba elimu ya kutengeneza tovuti si siri ya mtu. Mwingereza Tim Berners-Lee aliupendekeza mfumo huu mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuutumia bila kulipa ada. Tena tovuti nyingi za biashara leo hujengwa kwa programu ya bure iitwayo WordPress, iliyoanza kutolewa mwaka 2003. Hivyo basi, fundi anapokuja kwako anakuuzia jasho lake, maarifa yake na muda wake, na hayo hapana budi kuyalipia kwa haki. Hana haki ya kukuuzia kazi na papo hapo kubaki nayo.

NANI ANASTAHILI KUITWA FUNDI?

Ukitaka kujenga ghorofa, sheria inakuelekeza kwa mkandarasi aliyeandikishwa katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ukiugua, wamtafuta tabibu mwenye leseni. Katika kazi ya tovuti hakuna mlango mmoja wa namna hiyo ambao kila fundi amepita. Kijana mwenye kompyuta na chumba cha kupanga aweza kujiita mtaalamu leo hii, naye aweza kuwa mtaalamu kweli au mbabaishaji.

Shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, stashahada ya Taasisi ya Teknolojia, au cheti cha VETA ni dalili njema, kwani huonyesha kwamba mtu alikaa chini akafundishwa na kupimwa. Ipo pia Tume ya TEHAMA, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuwatambua na kuwaandikisha wataalamu wa fani hii. Si vibaya kumwuliza fundi kama ameandikishwa. Hata hivyo wapo vijana waliojifundisha wenyewe na wanafanya kazi safi, na wapo wenye vyeti ukutani ambao hawajapata kumaliza kazi ya mtu. Kwa hiyo cheti kiwe mwanzo wa mazungumzo, kisiwe mwisho wake.

Na hapa niseme neno juu ya ndugu zetu. Katika familia nyingi yupo mpwa au shemeji "anayejua kompyuta", na baba mwenye biashara huona ni aibu kumlipa mtu wa nje wakati damu yake ipo. Kumpa kazi kijana wa nyumbani ni jambo la heri. Lakini apewe kama fundi: apimwe kama wengine, alipwe ujira wake, na aandikiane nawe. Kazi ya bure hufanywa usiku baada ya kazi nyingine zote kwisha, na siku ikiharibika hakuna wa kumdai mwenzake. Biashara hukosa tovuti, na ukoo hukosa amani.

MIZANI MINNE

Sasa utampimaje fundi ikiwa wewe mwenyewe hujui hata neno moja la lugha ya kompyuta? Huhitaji kuijua, maana hata mla wali hapimi mpishi kwa kuingia jikoni. Ipo mizani minne ambayo kila mtu aweza kuitumia.

Mizani ya kwanza ni kazi alizokwisha kuzifanya. Mwombe akutajie tovuti tatu alizozitengeneza, ambazo bado zinafanya kazi. Usikubali kuonyeshwa picha katika kompyuta yake. Zifungue mwenyewe katika simu yako, kwa bando lako, ukiwa ndani ya daladala au nyuma ya nyumba ambako mtandao ni hafifu. Wateja wako wengi watakuja kwa simu za namna hiyo. Kama ukurasa unachelewa hata unachoka kungoja, wao watachoka kabla yako. Tazama pia kama anwani yake huanza na herufi https. Herufi hizo ni dalili kwamba mawasiliano kati ya mteja na tovuti yamefungwa wasiyasome wengine. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome huonya kwamba tovuti isiyokuwa na kinga hiyo si salama, na mteja akiona onyo hilo hukimbia. Hati ya kinga hiyo yapatikana hata bila malipo, hivyo fundi aliyeiacha hana udhuru.

Mizani ya pili ni wale aliowafanyia kazi. Wapigie simu wenye tovuti hizo tatu. Waulize mambo matatu tu: je, alimaliza kwa wakati? Je, kitu kiliharibika baadaye, naye alikuja? Na je, jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la nani? Swali hili la tatu litakufunulia mengi. Kuuliza si ujinga, na mwenye kazi njema hafichi wateja wake.

Mizani ya tatu ni maswali anayokuuliza yeye. Mshonaji hodari hashiki mkasi kabla ya kukupima. Vivyo hivyo, fundi hodari wa tovuti atakuuliza: wateja wako ni akina nani? Wataka wakuone tu, au wataka waagize, au wataka walipe papo hapo kwa simu? Nani atabadilisha bei zikipanda? Picha zipo, au zipigwe? Anayekutajia bei kabla ya kuuliza lolote anakuuzia nguo aliyokwisha kuishona kwa ajili ya mtu mwingine.

Mizani ya nne ni jinsi anavyoeleza. Mwulize maana ya jambo moja usilolielewa. Mjuzi ataeleza kwa maneno ya nyumbani hata bibi aelewe. Mbabaishaji atakurundikia maneno ya Kiingereza ili ujione mjinga, ukubali na kulipa. Na mtu akikuahidi kwamba tovuti yako itakuwa ya kwanza katika Google, mwage kwa heshima. Google yenyewe imekwisha kuwatahadharisha watu kwamba hakuna awezaye kudhamini nafasi hiyo.

FUNGUO NI ZA NANI?

Baada ya kumpata aliyeshinda mizani hiyo, usimkabidhi fedha kabla ya kuandikiana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hati ya mapatano haihitaji kuwa ndefu. Kurasa mbili zenye Kiswahili cha wazi, sahihi mbili na shahidi mmoja zatosha kwa kazi ndogo. Yafuatayo yasikosekane humo.

Kwanza, jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako au la biashara yako kama lilivyo katika cheti cha BRELA, kwa anwani ya barua pepe ambayo ni yako na namba ya simu ambayo ni yako. Taarifa ya kukumbusha malipo hutumwa kwenye anwani hiyo. Ikiwa ni ya fundi, basi yeye ndiye atakayekumbushwa, na wewe utakumbushwa na hasara. Fundi aweza kukusaidia kujaza fomu, lakini anayeandikishwa ni wewe.

Pili, nafasi ya seva nayo ikodiwe kwa jina lako, na risiti ziwe zako. Mwulize seva hiyo ipo wapi, na nakala ya akiba ya tovuti huwekwa wapi na kila baada ya muda gani. Mwezi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mtandao wa intaneti nchini ulizorota na biashara nyingi zikatatizika. Fundi aliyefikiri hukwambia mapema litakalotokea siku ya namna hiyo. Asiyefikiri hukwambia baada ya siku hiyo kupita.

Tatu, maneno yote ya siri, yaani ya msajili wa jina, ya seva na ya kuingilia tovuti yenyewe, ukabidhiwe siku ya kumaliza kazi, mbele ya shahidi, na uyajaribu hapo hapo. Fundi akishaondoka, yabadilishe. Ukimhitaji tena, mfungulie mlango wake mwenyewe, wenye jina lake na neno lake la siri, ambao waweza kuufunga kazi ikiisha.

Nne, iandikwe kwamba picha, maneno na maagizo yote yaliyotengenezwa kwa ajili yako ni mali yako malipo yakishakamilika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi za ubunifu. Na penye sheria, maandishi huondoa ubishi.

Tano, malipo yaende kwa mafungu: sehemu ya kuanzia, sehemu kazi ikionekana, na sehemu ya mwisho ukishapokea funguo. Usilipe yote mwanzoni, wala usimcheleweshee fundi fungu lake akiwa ametimiza wajibu wake. Yeye naye ni mfanyakazi, ana kodi ya nyumba na watoto, na mwajiri dhalimu hana haki ya kulalamikia fundi dhalimu.

Sita, andikeni nani atailea tovuti baada ya kumalizika. Programu za tovuti huhitaji kuhuishwa mara kwa mara, kwani wezi wa mitandaoni hutafuta zile zilizoachwa bila matengenezo. Patana ujira wa matunzo ya mwezi au mwaka, au dai fundi amfundishe mtu wa nyumbani kwako kazi hiyo. Katika familia nyingi binti au kijana aliyemaliza kidato cha nne aweza kufundishwa kwa siku chache kubadilisha bei na picha.

TAARIFA ZA WATEJA

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Tovuti yako ikikusanya majina, namba za simu au anwani za wateja, umeingia katika eneo la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo imeunda Tume ya kuisimamia, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajiandikishe na wazitunze taarifa hizo kwa uangalifu. Mwulize fundi: taarifa za wateja wangu zitakaa wapi, na nani ataziona? Asiye na jibu hajui uzito wa kazi aliyoishika. Na kama tovuti itapokea malipo kwa simu, hakikisha fedha zinaingia katika akaunti ya biashara yako moja kwa moja, wala si kwa kupitia kwa fundi.

KWA WALIOKWISHA KUNASWA

Wapo wasomaji ambao, kama ndugu yetu wa Keko, wanayasoma haya wakiwa wamekwisha kuchelewa, na wapo ambao hawajui kama wamechelewa au la. Hawa wa pili wafanye hivi wiki hii: wamtafute fundi wao wangali wanaelewana naye, wamwombe kwa wema ahamishie jina katika umiliki wao, na wamlipe gharama kama ipo. Wengi wa vijana hawa hawakukusudia wizi. Waliandikisha kwa majina yao kwa kuwa ndiyo njia ya mkato, na mwenye mali hakuuliza. Ombi la leo ni rahisi. La baada ya ugomvi huwa kesi.

Ambaye jina lake bado halijachukuliwa na mtu mwingine, lakini fundi haonekani, aende kwa msajili akiwa na cheti cha BRELA, namba ya mlipa kodi, risiti za malipo na ujumbe wowote alioandikiana na fundi. Haki huenda na ushahidi, na asiye na karatasi huenda mikono mitupu.

Na kwa ndugu yetu seremala, shauri letu ni hili. Ulizia kwa msajili kama ipo njia ya kulidai jina lile, lakini usiyasimamishe maisha ya nyumba yako kwa kulingojea. Andikisha jina jipya, kwa mkono wako safari hii. Paka rangi ubavu wa gari lako upya. Vichukue vile vitabu vya risiti, kwani ndani yake mna namba za wateja wako wa zamani, nawe uwapigie mmoja mmoja na kuwaambia unapopatikana. Wateja wale walikuja kwa sababu ya vitanda vyako. Ufundi wako wa mbao haukuandikishwa kwa jina la mtu mwingine.

Taifa letu limefundishwa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwamba kujitegemea ni msingi wa maendeleo. Kujitegemea hakuna maana ya kila mtu kujitengenezea tovuti yake, kama vile hakuna maana ya kila mtu kujishonea viatu. Maana yake ni kwamba tuwaajiri mafundi tukiwa na akili zetu, tuwalipe haki yao, na tubaki na mali yetu mikononi mwetu.

Basi jioni ya leo, baada ya chakula, chukueni daftari moja la nyumbani. Andikeni jina la tovuti yenu, aliyeandikishwa kuwa mwenyewe, tarehe ya kulipia, na mahali seva ilipo. Maneno ya siri yaandikeni katika karatasi ya pekee, muifungie pale mnapofungia hati ya kiwanja. Kama kuna mstari mtakaoshindwa kuujaza, mtakuwa mmejua la kumwuliza fundi kesho asubuhi.

Tukutane Jumapili ijayo, tukijaliwa.